Usiende Hanayashiki Kutafuta Kasi

Wageni wanaotoka Hanayashiki wamenuna mara nyingi ni wale walioingia wakiwa na Disneyland kichwani. Wameona kwenye ramani kwamba katikati ya Asakusa, mtaa wa kale wa Tokyo, kuna bustani ya michezo. Wakadhani watapata yaleyale ya Disneyland kwa bei ya chini na bila foleni ndefu. Wanalipa, wanaingia, wanaizunguka yote kwa robo saa, kisha wanatazamana: ndiyo hii tu? Ndiyo, ni hii tu. Eneo lake lote halifikii kiwanja kimoja cha mpira wa miguu. Ukilijua hilo kabla hujatoka hotelini, utaipanga siku yako vizuri, na huenda ukaipenda kuliko hizo kubwa.

Nayaandika haya kwa ajili ya msomaji mwenye siku moja mkononi jijini Tokyo: mwanafunzi aliye masomoni, mfanyabiashara aliyemaliza shughuli za kuagiza magari, mjumbe wa mkutano anayesubiri ndege ya usiku, au mzazi ambaye watoto wake wamechoshwa na majumba ya makumbusho. Ushauri wangu mkuu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao: panga kuitembelea Asakusa, na Hanayashiki uipe saa mbili au tatu ndani ya matembezi hayo. Anayeitengea siku nzima ataiona ndogo. Anayeipitia akitoka hekaluni na kuelekea kula ataiona inamtosha.

Ijue kabla hujalipa

Hanayashiki ilifunguliwa mwaka 1853, Tokyo ikiwa bado inaitwa Edo na nchi ikiwa chini ya utawala wa shoguni. Ni mwaka uleule ambao manowari za Marekani zikiongozwa na Matthew Perry zilijitokeza mlangoni mwa ghuba ya Edo kuidai Japani ifungue milango yake. Wakati huo haikuwa na mashine hata moja. Mtunza bustani Morita Rokusaburo aliianzisha iwe bustani ya maua, jirani kabisa na Senso-ji, hekalu kubwa la Kibuddha. Katika enzi ya Meiji, iliyofuata utawala huo wa shoguni, ndipo vikaongezwa vyombo vya kuchezea na wanyama wa kutazamwa.

Mwaka 1873 serikali iliyatangaza maeneo ya hekalu hilo kuwa bustani ya umma, kisha ikayagawa kwa namba. Sehemu ya sita, ambayo mpaka leo huitwa Rokku, ikawa mtaa wa maonyesho. Mwaka 1890 ulisimamishwa hapo karibu mnara wa ghorofa 12, Ryounkaku, uliowashangaza watu kwa lifti yake ya umeme. Mwaka 1903 likafunguliwa Denkikan, jumba la kwanza la kudumu la sinema nchini Japani. Kwa hiyo tangu enzi hizo mtu hakuja Asakusa kwa shughuli moja. Alikuja kuomba dua, akala, akatazama maonyesho, akawanunulia watoto kitu, akarudi kwao jioni. Mtindo huo wa wenyeji ndio ninaokushauri uufuate.

Mengi ya hayo hayapo tena. Tetemeko la tarehe 1 Septemba 1923 liliuvunja ule mnara, na mabomu ya Marekani ya usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya mashariki mwa jiji, pamoja na jengo kuu la hekalu. Hanayashiki unayoiona leo ni mtoto wa baada ya vita. Ilifunguliwa upya mwaka 1947, watu wakiwa bado wanajenga upya makazi yao, na kwa miongo mingi iliendeshwa na Togo, kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za michezo. Togo ilifilisika mwaka 2004, na bustani ikaingia mikononi mwa kundi la Bandai, watengenezaji wa vitu vya watoto.

Historia hiyo ina kazi kwa mgeni, maana ndiyo inayoeleza kwa nini bustani imekaa ilivyokaa. Imezungukwa na hekalu upande mmoja na nyumba na maduka pande nyingine, haina pa kupanukia. Kila chombo kipya kilibidi kipandishwe juu ya kingine, kipite chini ya kingine au kibanwe kati ya viwili. Ndiyo maana ukiwa kwenye benchi unaona vigari vinapita juu ya kichwa chako, farasi wa kuzunguka wako mkono wa kulia, na sauti za watu waliotishwa zinatoka kwenye nyumba ya mizimu mkono wa kushoto. Katika bustani kubwa vitu hivyo vitatu vingetengana kwa mwendo wa nusu saa.

Anza na rolakosta

Kama utapanda chombo kimoja tu, panda rolakosta. Ilijengwa mwaka 1953, na ndiyo kongwe kuliko zote zinazofanya kazi Japani. Reli yake ina urefu wa mita 234, na mwendo wake wa juu ni kilomita 42 kwa saa, mwendo ambao bodaboda yoyote kwenye barabara ya lami huupita bila kujitahidi. Safari nzima ni kama dakika moja na nusu.

Mwenye kuzisoma namba hizo atasema hakuna cha kuogopa, na hapo ndipo atakapokosea. Vibehewa ni vidogo, magoti yanagusa bati la mbele, na unachokishika ni chuma cha kukuzuia mapajani. Mnyororo unavivuta kupanda juu kwa mlio wa kukwaruza ambao rolakosta za kisasa zimeufuta kabisa. Kileleni unapata nafasi ndogo ya kuyaona mapaa ya mtaa, na mbali kidogo mnara wa Skytree wenye urefu wa mita 634. Kabla hujamaliza kutazama, reli inapinda na kukuingiza katikati ya kuta. Vibehewa vinapita karibu sana na majengo hivi kwamba mkono unajirudisha wenyewe ndani. Kinachotisha ni ule ukaribu, pamoja na wazo linalokujia katikati ya kona kwamba mashine hii imekuwa ikifanya kazi hiihii tangu mwaka 1953. Watu wazima wanaocheka kwa dharau kwenye foleni ndio wanaosikika wakipiga kelele kwenye kona ya kwanza.

Ipande mapema, kwa sababu mbili. Kwanza, foleni yake ndiyo huwa ndefu kadiri siku inavyosonga. Pili, ni chombo cha wazi: mvua ikinyesha au upepo ukizidi, husimamishwa, na hakuna anayejua itaanza tena saa ngapi. Kabla ya kupanda, vua kofia na miwani ya jua, na simu itie kwenye mfuko wenye zipu. Wajawazito, wenye matatizo ya moyo na wenye maumivu ya mgongo waiache, kwa kuwa mitikisiko yake ni ya chuma juu ya chuma.

Baada ya hapo usiwe na haraka. Kuna farasi wa kuzunguka, vyombo vinavyotembea polepole juu ya reli za angani ili uone bustani yote kutoka juu, na ile nyumba ya mizimu, mchezo ambao Wajapani huuhusisha na majira ya joto. Wapo pia wanyama wa manyoya wenye magurudumu, panda akiwa ndiye maarufu zaidi. Unatumbukiza sarafu, unamkalia mgongoni, muziki unaanza, naye anatembea kwa mwendo wa kobe hadi muda uishe. Mtu mzima pia anaruhusiwa kutabasamu akiwa juu yake. Ukitazama picha za zamani utaona pia mnara wenye vijumba vya kupanda vikizunguka juu. Huo ni Bee Tower, uliokuwa alama ya mahali hapa mpaka ulipoondolewa mwaka 2016. Usiupoteze muda kuutafuta.

Hesabu ya pesa

Hapa kiingilio na michezo ni mambo mawili tofauti. Kiingilio kinakuingiza getini tu. Michezo unailipia kwa tiketi ndogondogo, na kila chombo kina ubao unaoonyesha kinahitaji tiketi ngapi, au unanunua pasi ya siku inayokuruhusu kupanda utakavyo. Pasi hiyo ni nyongeza juu ya kiingilio, haiko badala yake, na jambo hilo huwachanganya wageni wengi dirishani. Kiingilio cha mtu mzima katika miaka ya karibuni kimekuwa kwenye yeni elfu moja na ushei, na mtoto hulipa pungufu. Bei hupandishwa kila baada ya muda, hivyo tazama ya siku hiyo kwenye ubao wa getini au kwenye tovuti yao.

Uamuzi wa pasi au tiketi ufanye kwa hesabu rahisi. Chukua bei ya pasi, igawe kwa bei ya kupanda rolakosta mara moja. Jibu utakalopata ndiyo idadi ya michezo unayotakiwa kuifikia ili pasi ilipe. Mtu mzima aliyekuja kuonja mahali mara nyingi hatafika huko: atapanda viwili vitatu, atakaa, atapiga picha. Huyo anunue tiketi. Mtoto wa miaka minane ataifikia ndani ya saa moja, kwa kuwa atataka kurudia kitu kilekile. Huyo mnunulie pasi, ujiokoe na kwenda dirishani kila mara. Familia haina sababu ya kununua aina moja kwa wote.

Njoo na sarafu za yeni 100, maana wanyama wa manyoya hawajui kitu kingine. Wajapani wameanza kulipia vitu vingi kwa kadi na simu, lakini katika mtaa wa zamani kama huu vibanda vingi bado vinapenda fedha taslimu. Mashine za kutolea fedha zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi nyingi za benki za kigeni, na maduka hayo huwa wazi usiku na mchana. Toa fedha kabla hujafika getini.

Saa, siku na majira

Saa za kawaida ni kuanzia 10:00 hadi 18:00, yaani saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni kwa hesabu yetu. Nasisitiza hili kwa kuwa mbao nyingi za Japani huandika muda kwa mfumo wa saa 24, na mtu aliyechoka na safari anaweza kujichanganya. Saa hizo pia hubadilika kwa msimu na hali ya hewa, na getini huacha kupokea watu kabla ya muda wa kufunga.

Ratiba ninayoipendelea ni hii. Fika Senso-ji saa 1 asubuhi. Jengo kuu hufunguliwa saa 12 asubuhi, au saa 12 na nusu kuanzia Oktoba hadi Machi, na saa hizo unawakuta wazee wa mtaa wakiomba na wafanyakazi wakikatiza kwenda kazini. Maduka ya Nakamise, ule mtaa mwembamba wa mita 250 hivi unaotoka lango la Kaminarimon, yatakuwa bado yamefungwa. Pata kifungua kinywa, kisha uwe getini Hanayashiki linapofunguliwa. Saa 7 mchana utakuwa umetoka na njaa ya kweli, na mchana wako wote bado uko mbele.

Ratiba ya pili inawafaa wasio na watoto wadogo. Ingia saa 9 au saa 10 alasiri, hasa Novemba hadi Januari. Mwezi Desemba jua la Tokyo huzama kama saa 10 na nusu, kwa hiyo unapata bustani ya mchana na bustani ya taa kwa kiingilio kimoja. Ila vaa nguo nzito. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa akiwa na sweta jembamba hatafurahia rolakosta ya wazi kwenye upepo wa Januari.

Kuna siku za kuepukwa. Mfululizo wa sikukuu za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei humwaga nchi nzima barabarani. Wikiendi ya tatu ya Mei ni tamasha la Sanja Matsuri, ambapo vihekalu hubebwa mabegani na mitaa ya Asakusa haipitiki. Ukija siku hiyo, njoo kwa ajili ya tamasha na usahau bembea. Jumamosi ya mwisho ya Julai kwa kawaida kuna fataki za mto Sumida, na kituo cha treni hujaa mno. Juni ni mwezi wa mvua. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35 likiwa na unyevu mwingi, na usidhani kuzaliwa pwani kutakusaidia, maana lami na zege la Tokyo havina upepo wa bahari. Jumatano ya kawaida, Oktoba au Novemba, ndiyo siku ya mtu mwenye hekima.

Kufika bila kupotea

Reli ya chini ya ardhi ya Ginza inaishia Asakusa. Kipande chake cha kutoka Asakusa hadi Ueno, kilichofunguliwa mwaka 1927, ndicho cha kwanza cha aina hiyo barani Asia. Kutoka viwanja vya ndege vya Narita na Haneda kuna treni zinazokuja moja kwa moja kwa njia ya reli ya Asakusa. Tahadhari ni moja: vituo kadhaa vinaitwa Asakusa, na kile cha reli ya Tsukuba Express kiko mbali na vingine, upande wa pili wa mtaa. Ukitaka kupita Kaminarimon na Nakamise kwanza, shuka cha Ginza. Ukitaka kwenda Hanayashiki moja kwa moja, cha Tsukuba ndicho kilicho karibu zaidi. Mkipanga kukutana na ndugu kituoni, taja jina la reli, vinginevyo kila mmoja atamsubiri mwenzake mahali pake.

Ukitokea hekaluni njia ni nyepesi. Likabili jengo kuu, geukia kushoto uipite pagoda ya ghorofa tano, endelea nyuma kidogo. Masikio yatakuongoza, maana mlio wa mnyororo wa rolakosta na kelele za waliopanda husikika kabla hujaliona geti.

Ukiwa na watoto, ukiwa na wazee

Watoto wa kati ya miaka mitatu na kumi ndio walioitiwa mahali hapa hasa. Bustani ni ndogo kiasi kwamba mtoto akikuponyoka, hana mbali pa kwenda, na mzazi aliyechoka anaweza kukaa benchi moja akaona karibu kila kitu. Vyombo kadhaa vina masharti ya kimo au umri, na wahudumu hupima bila huruma wala upendeleo. Pita kwenye mbao za masharti kwanza wewe mwenyewe, kisha umwonyeshe mtoto vile tu anavyoruhusiwa. Kumwahidi rolakosta halafu akakataliwa mbele ya foleni ni kujinunulia kilio cha mchana mzima.

Kijana wa miaka kumi na tano mwenye kiu ya kutishwa, mpeleke bustani ya michezo ya Fuji-Q karibu na mlima Fuji, au umwambie wazi kwamba hapa tumekuja kuangalia jinsi babu za Wajapani walivyokuwa wakitishana. Wazee nao wasiachwe hotelini. Vyombo vya polepole vinawafaa, na kuwatazama wajukuu wakipanda panda wa sarafu ni burudani kamili.

Chakula, swala na adabu

Ndani ya bustani kuna vitafunio vya kawaida. Usijaze tumbo humo, maana nje kuna vingi zaidi. Asakusa ni mtaa wa vyakula vya kutembezwa mkononi: keki ndogo za ningyo-yaki zenye maharagwe matamu ndani, maandazi ya kukaangwa ya age-manju, mikate mikubwa ya meron-pan yenye ganda la sukari. Lakini kununua chakula cha mkononi hakumaanishi kula ukitembea. Kwenye Nakamise wenye maduka huomba wageni wale wakiwa wamesimama mbele ya duka waliponunua, wamalize, wamrudishie mwenye duka karatasi au kijiti. Mapipa ya taka barabarani ni nadra, hivyo weka mfuko wa plastiki kwenye begi lako.

Kwa Mwislamu, Asakusa ni afadhali kuliko mitaa mingi ya Tokyo. Ipo migahawa inayouza chakula cha halali, ikiwamo ya rameni, na upo msikiti upande wa Higashi-Asakusa, unaofikika kwa miguu. Kwenye vibanda vya kawaida ulizia vitu viwili kwa majina: mafuta ya nguruwe, na pombe ya kupikia. Vyote viwili hujificha kwenye vyakula ambavyo kwa macho ni unga na sukari tu. Tafsiri ya kwenye simu itakutosha, na muuzaji hataona ni utovu wa adabu.

Hekaluni, kumbuka kwamba uko mahali pa ibada hata kama umezungukwa na kamera. Vua kofia ukipanda ngazi za jengo kuu. Usimpige picha mtu anayeomba. Utaona watu wakitikisa kopo la chuma mpaka kijiti kitoke tunduni. Kijiti kina namba, kabatini kuna droo yenye namba hiyo, na ndani ya droo mna karatasi ya bahati. Ada yake ni yeni 100, ambayo mtu anaitumbukiza mwenyewe bila kusimamiwa. Senso-ji inajulikana kwa kutoa bahati mbaya kwa wingi kuliko kwingine, na aliyepata mbaya huifunga karatasi yake kwenye vyuma vilivyo kando, akaiacha hapo. Kama imani yako haikuruhusu, tazama tu. Hakuna atakayekulazimisha, na nyuso za watu wanapofungua zile karatasi zinatosha kuwa onyesho.

Ndani ya Hanayashiki adabu ni ileile ya foleni zote za Japani: simama nyuma ya mstari, usimwekee nafasi mtu ambaye hajafika, mfuate mhudumu anavyokuelekeza kwa mkono. Ukiwa na kigari cha mtoto, kiache palipoonyeshwa, usikisogeze mpaka mlangoni mwa chombo, kwa sababu njia ni nyembamba na ukiifunga umefunga bustani nusu.

Kama uko mji mwingine

Ushauri huu hauishii Tokyo. Ndugu zetu walio Ulaya wanazo bustani za ukoo huohuo. Copenhagen kuna Tivoli, iliyofunguliwa mwaka 1843 katikati ya jiji. Ni kubwa kuliko Hanayashiki, lakini rolakosta yake ya mbao ya mwaka 1914 bado ina mhudumu anayepanda pamoja na abiria na kushika breki kwa mkono. Stockholm kuna Gröna Lund ya mwaka 1883, iliyobanwa kati ya maji na nyumba za zamani za Djurgården. Vienna kuna Prater na gurudumu lake kubwa la mwaka 1897, ambapo kuingia ni bure na unalipia unachopanda.

Kote huko kanuni ni zilezile. Uliza chombo kipi ndicho kikongwe, ukianze hicho. Jua kama kiingilio kina michezo ndani yake au hakina. Nenda siku ya kazi. Na upange la kufanya mtaani kabla na baada, kwa kuwa bustani ya namna hii hutegemea mtaa wake kama mtaa unavyoitegemea.

Lipa, usipige picha tu

Neno la mwisho ni kuhusu pesa tena. Kuna wageni wanaoingia, wanapiga picha mbele ya farasi wa kuzunguka na kuondoka bila kupanda kitu, wakiamini wamepata kilicho bora kwa bei ya kiingilio tu. Hawajavunja sheria yoyote. Lakini mahali hapa panaendeshwa kwa tiketi za watu wanaopanda, na umri peke yake haulindi kitu. Toshimaen, bustani nyingine ya michezo ya Tokyo, ilifunguliwa mwaka 1926 na ilikuwa na farasi wa kuzunguka waliotengenezwa Ujerumani mwaka 1907. Tarehe 31 Agosti 2020 ilifungwa moja kwa moja. Siku za mwisho watu walijaa kuiaga, wengi wakisema walikuwa hawajafika hapo tangu utotoni. Leo sehemu ya kiwanja chake ina studio ya maonyesho ya filamu za Harry Potter.

Kwa hiyo ukishafika Hanayashiki na ukapenda, panda rolakosta mara ya pili. Dakika moja na nusu nyingine haitaharibu ratiba yako, na tiketi unayoikata ndiyo inayolipia mafuta ya kulainisha ule mnyororo.